KUTUPA SI KUMALIZA DHIMA

Wako watu wengi wanaotafuta ukweli wa dini, na hata baadhi ya ndugu zetu walioingia katika Islam hivi karibuni, ambao hudhani kuwa dini hukaa msikitini tu, katika Sala, Saumu na Zaka, na kwamba mambo ya jalala la nyuma ya nyumba ni ya Bwana Afya peke yake. Wakisikia mhubiri anataja kopo tupu la dawa ya mahindi au betri iliyokufa, huulizana: Je, hayo nayo ni dini?

Ni swali zuri, wala haifai kulidharau. Nyuma yake liko swali jingine lililo kubwa zaidi, nalo ndilo tutakalolichunguza katika makala hii: Mtu anapokitupa kitu chenye madhara, je, dhima yake juu ya kitu hicho huisha pale kinapotoka mkononi mwake? Mwenye kujibu "ndiyo" atakuwa na dini ya namna moja. Na mwenye kujibu "hapana" atakuwa na dini ya namna nyingine kabisa.

SUMU YENYE JINA LA TIBA

Kiswahili chetu kina neno moja, dawa, kwa mambo mawili yasiyofanana. Kinachomponya mtoto homa ni dawa. Na kinachoua viwavi katika mahindi, panya ghalani na mbu chumbani nacho ni dawa. Kwa neno hilo moja sumu imepata ruhusa ya kuingia nyumbani kwa jina la tiba. Hukaa rafuni pamoja na chumvi, na chombo chake kikiwa kitupu huoshwa na kupewa kazi nyingine: leo kilikuwa cha sumu, kesho kitachotewa maji, keshokutwa kitatiliwa maziwa.

Tutazame mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 ulipogawanywa mkoa wa Rukwa. Ni nchi ya wakulima wa mahindi, mpunga, tumbaku na pamba, ya wafugaji, na ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nyumba ya mkulima ina chupa na madumu ya viuatilifu, na pengine masalio ya mbegu zilizopakwa dawa. Penye umeme wa jua ipo betri kubwa yenye madini ya risasi na asidi kali. Nyumba ya mchimbaji wa Ibindi au Dirifu huenda ikawa na kichupa cha zebaki. Na karibu kila nyumba ina betri ndogo za tochi, balbu za mirija, vidonge vilivyopita muda wake, na mahali penye mgonjwa wa sukari, sindano.

Mji wa Mpanda unaijua risasi tangu zamani. Ni kwa ajili ya mgodi wa risasi kwamba reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa huko katika zama za Waingereza. Risasi ile ilikuwa imelala chini ya mwamba kwa miaka isiyohesabika bila ya kumdhuru mtoto yeyote. Leo risasi hurudi Mpanda ndani ya betri. Na betri hiyo ikipasuliwa uani kwa nyundo ili chuma chake kiuzwe, vumbi lake humwingia mtoto achezaye pale. Waganga wa dunia wamekwisha tamka kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Kinachoharibika ni akili yake, wala hakuna soko la kununua nyingine.

Zebaki nayo ina hila yake. Mchimbaji huichanganya na mchanga uliosagwa, ikashika chembe za dhahabu. Kisha donge lile huchomwa, zebaki ikaruka na dhahabu ikabaki. Kwa kuogopa wezi, wengine huchomea ndani ya nyumba, juu ya jiko lile lile la kupikia ugali. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mtu huona zebaki imekwisha, kumbe imehama tu: sehemu imeingia mapafuni mwake na mwa mkewe na watoto wake, na sehemu itashuka ardhini na majini, ambako vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikapanda kutoka samaki mdogo hadi samaki mkubwa, na kutoka samaki hadi kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Moto hauiui zebaki. Huipa mabawa tu.

HAKUNA MAHALI PANAPOITWA "HUKO"

Tukisema, "Nimekitupa huko," tumetaja mahali pasipokuwapo. Tazameni Mto Katuma. Hunywesha mashamba ya mpunga, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako wakati wa kiangazi viboko husongamana katika madimbwi yake, hupita Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yaliyoingia humo hupanda juu kwa joto la jua, lakini tope na vilivyoshikamana nalo hubaki. Kama kwamba Muumba ameweka ramani mbele ya macho ya watu wa Katavi na Rukwa, ili waone kwamba dunia yote ni bonde lisilo na mlango wa nyuma. Kisichobadilika kuwa kitu salama hubaki, na kitamkuta mtu fulani.

Basi neno "kutupa" lina maana moja tu ya kweli: ni kukihamisha kitu kutoka mlangoni kwangu kukipeleka mlangoni kwa mwingine. Na mara tulipolielewa hivyo, jambo la taka limekwisha toka katika mambo ya usafi tu na kuingia katika mambo ya haki za watu.

MAFUNDISHO YA ISLAM

Kurani Tukufu yakataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa (7:57), nayo yamtaja mtu mwovu kuwa ni yule apitaye nchini akiangamiza mimea na kizazi (2:206). Tuangalie jinsi vitu hivi viwili vilivyotajwa pamoja. Sumu itupwayo ovyo huanza na kimoja na kuishia kwa kingine: huharibu udongo na maji yanayootesha mimea, kisha hugusa kizazi kilichomo matumboni. Tena Kurani Tukufu yatuonya tusijitie wenyewe katika maangamizi kwa mikono yetu (2:196). Kwa hiyo asemaye kwamba kufa na kupona ni kwa kudura ya Mungu, na hivyo hakuna haja ya kujihadhari, amesema nusu ya kweli ili kuitupa nusu nyingine.

Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kuwa imani ina matawi mengi, na tawi lililo dogo kuliko yote ni kuondoa njiani kitu chenye kuudhi. Ikiwa kukiondoa ni tawi la imani, kukiweka hapo ni kukata tawi hilo. Tena aliwaonya watu na mambo yaletayo laana, nayo ni kufanya haja penye maji ya watu, njiani, na kivulini wanapopumzika. Ikiwa uchafu ambao jua na mvua huumaliza kwa siku chache umepewa onyo zito namna hiyo, je, tuseme nini juu ya sumu ambayo miaka hamsini haiimalizi?

Vitabu vya fiqhi, ambavyo kila mwanafunzi wa dini huvianza kwa mlango wa twahara, hufundisha kwa urefu hukumu za maji: yapi ni safi, yapi yamenajisika, tone gani huharibu udhu. Mwislamu mzuri huogopa tone moja la najisi katika kanzu yake, na anastahili sifa kwa kuogopa hivyo. Lakini ni ajabu iliyoje kwamba mtu huyo huyo huenda akaoshea bomba lake la kupulizia dawa katika kijito ambamo jirani yake wa bondeni atachota maji ya udhu na ya uji! Najisi aliiogopa kwa sababu yaonekana na yanuka. Sumu hakuiogopa kwa sababu haionekani. Ilhali sisi ni watu ambao msingi wa imani yetu ni kuamini yasiyoonekana.

Liko pia fundisho la Mtume s.a.w. lililokuwa msingi wa hukumu nyingi za biashara, kwamba faida huandamana na dhamana: mwenye kula pato la kitu ndiye mwenye kubeba hasara yake. Fundisho hili latoa jibu la swali letu. Nani aliyevuna mahindi yaliyookolewa na dawa ile? Nani aliyeuza dhahabu iliyoshikwa na zebaki ile? Nani aliyepata mwanga wa betri ile? Huyo ndiye mwenye dhima ya kopo, ya mvuke na ya betri mbovu. Hawezi kuichukua faida ghalani kwake na kuiacha hasara mtoni. Kutupa hakumalizi dhima. Huongeza juu yake dhima ya pili, ya kumficha jirani hatari iliyomkabili.

"SIKUKUSUDIA"

Wengine hujitetea kwamba matendo hulipwa kwa nia, nao hawakukusudia kumdhuru mtu. Ni kweli kuwa nia ndiyo roho ya tendo. Lakini wanazuoni walihukumu kwamba mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu bila ya haki, mtu akatumbukia, anadaiwa fidia hata kama hakumkusudia yeyote. Kutokusudia humtoa mtu katika kundi la wauaji. Hakumtoi katika kundi la waliozembea.

Yaliyotokea Iraki katika miaka ya 1971 na 1972 yatosha kuwa funzo. Serikali iliagiza ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki ili isioze. Ilipowafikia wakulima, wengi walikuwa wamekwisha panda. Maonyo juu ya magunia yaliandikwa kwa lugha za kigeni wasizozijua. Wengine waliwapa kuku ngano ile, wakaona siku chache zimepita na kuku hawakufa, wakasadiki kuwa ni salama. Wengine waliiosha mpaka rangi nyekundu ya dawa ikatoka, wakadhani sumu nayo imetoka. Wakasaga, wakaoka mikate, wakala na watoto wao. Madhara yalikuja baada ya majuma: ganzi, upofu, kushindwa kutembea. Kwa hesabu ya serikali, watu 6,530 walilazwa hospitali na 459 kati yao walikufa.

Hakuna hata mmoja katika wakulima wale aliyekusudia kumwua mwanawe. Rangi ilitoka, sumu ikabaki. Hali kadhalika mama anayeliosha dumu la dawa kwa sabuni na mchanga mpaka harufu ikaisha, ameondoa harufu tu. Sumu iliyokwisha nywewa na plastiki haioshwi. Kwa hiyo nia njema haitoshi bila ya elimu, na kutafuta elimu ni faradhi ya kila Mwislamu. Asiyejua na asiyeuliza hana udhuru sawa na asiyejua aliyeuliza.

SHERIA YA NCHI NA SHERIA YA MOYO

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yatambua haki ya kila mtu aishiye Tanzania kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya, nayo yaweka juu ya kila mtu wajibu wa kuyalinda. Serikali za mitaa zimepewa kazi ya kushughulikia taka ngumu. Taka za hatari zina kanuni zake, wala hazikusanywi wala kusafirishwa ila kwa kibali. Na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilipewa usimamizi na sheria hiyo. Viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Tena Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliteseka vibaya kwa kula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki ya kiwanda.

Jumuiya yetu hufundisha utii kwa serikali, kwa kufuata amri ya Kurani Tukufu ya kuwatii wenye mamlaka (4:60). Kwa hiyo kwa Mwahmadiyya kuivunja sheria hii ni kosa mara mbili. Lakini sheria ya nchi ina mpaka: huishia pale jicho la ofisa linapoishia. Usiku wa manane, mtu na dumu lake kando ya kijito, hakuna ofisa. Hapo ndipo tunapopambanua kati ya mwenye kuogopa faini na mwenye kumcha Mungu. Kurani Tukufu yafundisha kwamba hata kitu cha uzito wa chembe ya haradali kikifichwa ndani ya mwamba, Mwenyezi Mungu atakileta (31:17). Tukizike wapi basi kile ambacho Yeye atakifukua?

HOJA YA MASKINI

Iko hoja moja iliyo nzito kuliko zote, nayo haifai kujibiwa kwa makemeo. Maskini husema: "Dumu hili lina thamani, nami sina jingine la kuchotea maji. Mahali pa kupeleka taka hizi ni mbali na kijiji changu. Dhahabu nachomea nyumbani kwa kuwa nikichomea porini nitanyang'anywa. Mwanitaka niwe mwema kwa fedha nisiyokuwa nayo."

Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake (2:287). Aya hii humpunguzia maskini mzigo, lakini mzigo haupotei. Humhamia mwenye uwezo. Aliyetengeneza sumu na kupata faida kubwa, mwenye duka aliyeiuza bila ya kueleza matumizi yake, mwenye mtaji anayempa mchimbaji zebaki kwa mkopo, na halmashauri yenye wajibu wa kuweka mahali pa kukusanyia, hao wote dhima yao ni kubwa kuliko ya yule aliye chini. Ni dhuluma kumtoza faini mkulima kwa kopo moja na kumwacha aliyempa makopo mia.

Hata hivyo dhima ya maskini haifiki sifuri, kwa sababu ya kwanza katika sababu zote: mtu wa kwanza kunywa katika dumu lile ni mwanawe mwenyewe. Mtume s.a.w. alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kwa taabu ya kupanda juu kuchota maji, walitaka kutoboa sehemu yao. Shida yao ilikuwa ya kweli, lakini tundu lao lingewazamisha wote. Fundisho ni kwamba wa juu wawazuie. Nasi twaelewa pia kwamba imewapasa kuwateremshia maji. Jirani mwenye ndoo mbili na ampe moja yule mwenye dumu la sumu. Hiyo ni sadaka, na labda ni sadaka iokoayo roho.

YATUPASAYO KUTENDA

Kwanza, tununue sumu kwa kiasi cha haja ya msimu tu, katika chombo chake chenye maandishi, wala tusinunue iliyomiminwa katika chupa za soda. Ikae ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na chakula na watoto.

Pili, chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, na kila mara maji yale yatiwe katika bomba na kupulizwa katika shamba lile lile. Kisha kitobolewe ili kisitumike tena, kihifadhiwe penye kufuli, na kirudishwe kwa muuzaji anayepokea au mahali palipoelekezwa na ofisa. Tusikichome moto, kwa kuwa moshi wake nao ni sumu.

Tatu, masalio ya sumu yasimwagwe chooni, kisimani wala mtoni. Zebaki ikae katika chombo kigumu chenye kifuniko, chini ya maji kidogo, wala isichomwe kamwe ndani ya nyumba. Asiyeweza kuiacha leo atumie chombo cha kufunika kinachoukamata mvuke wake na kuurudisha kuwa zebaki, tena nje, mbali na watu.

Nne, betri kubwa isipasuliwe. Irudishwe nzima kwa wauzaji au wanunuzi wenye kibali. Betri ndogo zikusanywe pakavu katika kopo lenye kifuniko. Balbu ya mrija ikivunjika, madirisha yafunguliwe, na vipande vizolewe kwa karatasi ngumu bila ya kufagiwa.

Tano, dawa za hospitali zilizopita muda zirudishwe kwenye kituo cha afya au duka la dawa, na sindano ziwekwe katika chombo kigumu kisichotoboka.

Sita, tumwulize Ofisa Mazingira wa halmashauri, Ofisa Afya au Bwana Shamba mahali pa kupeleka. Pasipokuwa na mahali, tulilete jambo hilo katika mkutano mkuu wa kijiji na kulidai kwa adabu na kwa kuendelea, huku tukivihifadhi vitu hivyo kwa usalama. Vijana wetu wanaotoka kufanya Wakar-i-Amal, yaani kazi ya kujitolea kwa mikono, wanaweza kuwafundisha majirani; lakini wasiokote makopo haya kwa mikono mitupu, wala watoto wasishirikishwe.

NENO KWA WALIOINGIA KARIBUNI

Mwaka 1889 Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alipotangaza masharti kumi ya Baiat, sharti la nne lilihusu kutowadhuru viumbe wa Mwenyezi Mungu, kwa mkono, kwa ulimi wala kwa njia nyingine yoyote. Ndugu aliyefunga Baiat asidhani kuwa maneno hayo yanahusu ngumi na matusi tu. "Njia nyingine yoyote" ni pana: imo ndani yake chupa iliyotupwa kijitoni usiku, na umo mvuke uliopita chini ya mlango wa jirani.

Na kwako wewe unayechunguza dini hii, hili liwe moja katika vipimo vyako. Usitupime kwa wingi wa hoja zetu peke yake. Pita nyuma ya nyumba zetu, utazame tunaacha nini kwa ajili ya wale wasiotujua, na wale ambao bado hawajazaliwa.

Mwenyezi Mungu atujalie elimu ya kutambua madhara yasiyoonekana, atupe nguvu za kuzibeba dhima zetu mpaka mwisho wake, na ayahifadhi maji yetu na vizazi vyetu. Amin.